Shangazi na Msomaji wa Kawaida

Ofisini kwetu anaitwa Shangazi. Si shangazi wa mtu yeyote pale. Mimi amenizidi miaka sita tu, na kichwa changu kimejaa mvi. Jina lilimganda kwa sababu hakuna anayeingia mlangoni kwetu, awe mteja, awe fundi wa feni, akatoka bila kuulizwa katokea wapi, anataka nini, na kama amekunywa maji. Mimi ananiita Mharibifu. Kazi yangu ni kuzijaribu programu kabla hazijaenda kwa wateja, yaani nimeajiriwa kuvunja vitu, na kwa miaka kumi na mmoja dawati langu limegusana na lake. Namjua kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zangu, na ndugu zangu wakisoma haya wasininunie.

Ni kifungua mimba wa seremala aliyekuwa na watoto saba. Alipomaliza shule alipata kazi ya kupokea simu katika hospitali kubwa: chumba kisicho na dirisha, ubao wa nyaya, na viti viwili, kimoja kibovu. Anayepiga simu hakuwa na haja ya kujua jina la daktari. Alisema tu, "Nataka wa macho," na Shangazi akaangalia kwenye daftari lake ni nani wa macho aliyefika asubuhi ile, akachomeka waya, watu wakaongea. Kila daktari alitakiwa apite kwake kujiandikisha: anatibu nini, yuko chumba gani. Asiyejiandikisha, kwa Shangazi hakuwepo kazini, hata kama amesimama mbele yake na koti lake jeupe.

Ila alikuwa na udhaifu mmoja. Mtu akiomba wa macho, na wa macho hajafika, Shangazi hakuweza kusema "hayupo" akakata simu. Alijibu yeye. "Linauma tangu lini? Haya, lioshe kwa maji safi, usilisugue, uje kesho mapema." Kwa bahati njema hakumpofua mtu.

Ubao wa nyaya ulipoondolewa na kuletwa mitambo mipya, wenzake walipewa barua za kwaheri. Yeye alipelekwa kozi ya kompyuta, kwa kuwa ndiye pekee aliyezijua namba zote za vyumba kwa kichwa. Akarudi amenogewa. Wifi yake alisema ukoo umepata mtu wa kuongea na masanduku. Mumewe, dereva wa lori, mtu wa maneno matatu kwa siku, alimtafutia kompyuta kuukuu akaiweka juu ya cherehani, na juu ya cherehani hiyo ndiko Shangazi alikojifunzia kuandika programu, mguu mmoja ukikanyaga pedali kwa mazoea.

Sasa mumewe amestaafu na ndiye anayepika. Mama mkwe wake anaishi nao, hasikii vizuri, na Shangazi humjibia wageni kabla bibi wa watu hajafungua mdomo. Katika vikao vya familia, asiyekuwepo husemewa na Shangazi. "Angekuwepo angekubali," anasema, na mambo yanapita. Nusu ya ukoo imekubali mambo ambayo haikuwahi kuyasikia.

Ofisi yetu inatengeneza mfumo wa zahanati. Mgonjwa anatolewa damu, mashine ya maabara inaipima, majibu yanaingia kwenye kompyuta yenyewe bila mtu kuandika kwa mkono. Shida ni kwamba kila kiwanda cha mashine kina lugha yake. Zamani programu yetu ilikuwa msururu wa masharti: ikiwa mashine ni hii fanya hivi, ikiwa ni ile fanya vile. Kila mashine mpya ilipokuja, tulifungua programu nzima kama fundi anayebomoa ukuta ili apigilie msumari, na kila tulipoifungua tuliharibu kitu kingine. Aliyenitangulia kwenye dawati langu alipata kazi nyingi, namshukuru kwa kunivumilia kiti.

Shangazi ndiye aliyelimaliza hilo, miaka kumi na minne iliyopita, kabla sijafika. Alisema kiini cha mfumo hakitakiwi kuijua mashine yoyote. Aliandika mkataba mfupi: kitu chochote kinachotaka kusoma mashine lazima kiweze kujitambulisha ni cha mashine gani, kusoma kinachotoka humo, na kukikabidhi. Kila mashine ikaandikiwa kitu chake, plagini tunaiita, faili dogo linalotupwa kwenye folda moja. Mfumo ukiwashwa unapekua folda ile, unapakia kila plagini unayoikuta, na kila plagini inajiandikisha yenyewe mahali alipopaita Daftari. Majibu yakifika, kiini kinaliuliza Daftari: nani anaisoma mashine hii? Kinapewa anayeisoma, kinamkabidhi kazi, basi. Hakijui ndani ya plagini kuna nini wala hakihitaji kujua. Ikija mashine mpya tunaandika plagini moja, tunaitupa kwenye folda, na mfumo unaigundua wenyewe ukiwashwa. Nimeona programu nyingi na nyingi nimezichukia. Hii niliipenda.

Ila, na hapa ndipo penye mkasa, je kama Daftari halina wa kuisoma mashine hiyo? Shangazi aliweka kitu kimoja zaidi, akakiita Msomaji wa Kawaida. Asipopatikana mwenye kazi, huyo anaichukua na kuisoma jinsi mashine nyingi zinavyosema. Na plagini ikishindwa kupakiwa, mfumo unaandika mstari mmoja kwenye kumbukumbu zake, faili ambalo hakuna mwanadamu anayelifungua, kisha unaendelea na safari. Pembeni ya mstari huo aliandika maelezo ya maneno mawili: "Asikose mtu."

Niliwahi kumwambia kwamba sipendi. Akanijibu, "Mharibifu, mgonjwa hafukuzwi." Nikanyamaza, kwa sababu kubishana na Shangazi kabla ya saa nne asubuhi ni kujitafutia balaa.

Barua ilikuja Jumatatu. Meneja wetu aliisoma kwa sauti akiwa amesimama katikati ya meza zetu, kwa sababu aliiona ni habari njema. Zahanati moja, wateja wetu wa siku nyingi, ilikuwa imemsimamisha kazi mtu wake wa maabara kwa kuchanganya damu za wagonjwa. Fundi ujenzi mmoja, pande la mtu, aliambiwa damu yake imepungua vibaya, akala vidonge asivyovihitaji. Mwanamke mjamzito aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni aliambiwa yuko vizuri, akarudi nyumbani, siku ya tatu akaanguka jikoni. Alilazwa wiki mbili, akapona, na mtoto akapona. Kikao cha nidhamu kilikuwa Alhamisi. Wakimkuta na hatia, mtu wa maabara angefukuzwa na kunyang'anywa leseni yake, yaani asingeshika tena kichupa cha damu popote. Walichotaka kwetu ni karatasi ya kuthibitisha kwamba mfumo ulifanya kazi yake sawasawa.

"Mfumo uko sawa," alisema Meneja. "Mharibifu, chapa hiyo karatasi, nitie saini."

"Wana mashine gani?" aliuliza Shangazi.

"Mpya. Ina wiki tatu. Plagini yake tuliwatumia na wakaiweka, nimeona barua pepe yao."

"Na huyo mtu wao amefanya kazi ya maabara miaka mingapi?"

"Kumi na miwili, wanasema."

"Miaka kumi na miwili hachanganyi, anachanganya wiki tatu hizi," alisema Shangazi, akavuta mkoba wake. "Mharibifu, kesho asubuhi tunakwenda."

Jumanne saa mbili tulikuwa kwenye zahanati. Kuta za kijani hadi kiunoni, nyeupe kuendelea juu, mabenchi mawili marefu, na kengele ya kuitia wagonjwa iliyofungwa kwa plasta. Mtu wa maabara alikuwa amekaa benchi la mwisho pamoja na wagonjwa, kwa sababu alikatazwa kuingia kwenye chumba chake mwenyewe. Tulikuwa tumempigia simu aje. Mwembamba, umri wa miaka arobaini hivi, mikono ameiweka magotini, na alipotuona alisimama haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa. Niambie unavyofanya, toka mgonjwa anaingia."

Alieleza polepole. Anawatoa damu kwa foleni, anaandika orodha, wa kwanza tundu la kwanza la trei, wa pili tundu la pili, mpaka kumi. Anaiingiza trei kwenye mashine. Majibu yanakwenda yenyewe.

"Kuna lolote lililokushangaza na mashine hii?"

"Mtu wa mwisho," alisema. "Mtu wa mwisho kwenye trei majibu yake hayafiki. Kila siku. Namsomea kwenye kioo cha mashine, naandika kwa mkono. Wagonjwa wamezoea, hakuna anayetaka kukaa wa mwisho. Niliwaandikia ninyi mara mbili."

"Ukajibiwa nini?"

"Niliambiwa nisome mwongozo."

Niliyemjibu ni mimi. Malalamiko yote hupitia kwangu, na siku ile yalikuwa arobaini mezani, nikayafunga kama mtu anayefukuza nzi. Nilimwambia hivyo pale pale bencheni, maana aibu ikikaa tumboni inachacha. Hakunitukana, na ningependa anitukane.

Tuliruhusiwa kuingia maabara. Shangazi alivaa miwani yake, akaketi mbele ya kompyuta, akaamuru Daftari litaje wote waliojiandikisha. Yakatoka majina tisa. Aliyasoma kwa kidole, moja moja. Mashine mpya haikuwemo. Akafungua folda: faili la plagini lilikuwepo, limekaa vizuri, tarehe yake sahihi. Akafungua zile kumbukumbu ambazo hakuna anayezisoma. Kila asubuhi, siku kumi na tisa mfululizo, mstari ni ule ule: plagini imeshindwa kupakiwa, inategemea maktaba fulani, yaani mafaili ya kuisaidia, ambayo kompyuta hii haina, endelea.

Basi plagini ilikuwepo lakini haikuwahi kujiandikisha. Majibu yalipofika, Daftari lilitafuta mwenye kazi likamkosa, na Msomaji wa Kawaida akachukua kazi. Sasa waliotengeneza mashine ile huhesabu kama sisi waandika programu tunavyohesabu tukiachwa wenyewe: tundu la kwanza wameliita sifuri, la pili moja. Plagini ilijua hilo. Msomaji wa Kawaida hakujua. Kwenye mashine za zamani sifuri ni maji ya kusafishia, hivyo akayatupa majibu ya mgonjwa wa kwanza kila siku, akampa majibu ya wa pili, na wa pili akampa ya wa tatu, hadi mwisho wa trei. Kila mtu alikwenda nyumbani na damu ya aliyekuwa nyuma yake. Wa mwisho hakuwa na mtu nyuma yake.

Tuliomba orodha za siku zote kumi na tisa, tukasogeza kila jibu mtu mmoja nyuma. Yakakaa. Upungufu wa fundi ujenzi ukaenda kwa yule mama mjamzito, ulikotoka. Wagonjwa mia moja na sabini na wawili, na mkono wa mtu wa maabara haukukosea hata mara moja.

Shangazi alivua miwani. "Ni yangu," alisema. "Si mashine, si yule kaka wa watu. Mimi ndiye niliyeandika endelea."

Nilijaribu kumpoza, nikasema aliyesahau kutuma maktaba ile ni mwingine, na aliyefunga malalamiko ni mimi.

"Aliyesahau amesahau, watu wanasahau. Mfumo ulijua kwamba kuna aliyekosekana. Ulijua kila asubuhi, na mimi niliufundisha kunyamaza." Sijawahi kumwona na uso ule. Alikuwa na hasira, na hasira yote ilikuwa inamrudia mwenyewe.

Jioni ile ile, jua bado halijazama, alimfuta Msomaji wa Kawaida. Badala yake aliandika kwamba Daftari likimkosa mwenye kazi, mfumo ukatae, useme wazi kwenye kioo: mashine hii haina msomaji, majibu hayajapokelewa. Na plagini ikishindwa kupakiwa, mfumo usiwake kabisa mpaka mtu aje aangalie. Mimi niliijaribu programu hiyo kwa roho mbaya yote niliyojaliwa. Haikuvunjika. Tukaituma kwa zahanati zote, na ile ya kwanza tukaiwekea pia maktaba iliyokosekana.

Jumatano simu zilianza saa mbili na nusu. Zahanati nne mifumo yao imekataa kuwaka. Meneja alitoka ofisini kwake ametoa macho.

"Shangazi, umeharibu! Jana ilikuwa inafanya kazi!"

"Ilikuwa inajibu," alisema Shangazi. "Kufanya kazi ni kitu kingine." Akanyanyua simu ya kwanza. "Mashine yenu ni ipi, mwanangu? Na mnayo tangu lini?" Alisikiliza, akaandika, akauliza tena. Tatu kati ya nne zilikuwa na mashine ambazo Msomaji wa Kawaida alizisoma sawa kwa bahati tu. Ya nne haikuwa na bahati. Ilikuwa inatumia mashine yake tangu mwaka uliopita, na tangu mwaka uliopita ilikuwa inamtupa mgonjwa wa kwanza.

Meneja alimvuta pembeni, nami nikavuta masikio. "Kesho kikaoni sema la zahanati moja," alimwambia. "Sema hitilafu ya kiufundi. Hayo mengine tutayamaliza wenyewe humu ndani, kimya kimya."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema Shangazi. "Na hapa maradhi si ya methali, baba, ni ya watu. Nitayataja yote mawili."

Meneja alikuja juu, akataja kazi yake Shangazi, akataja miaka aliyobakiza kabla ya kustaafu. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kama amekunywa maji.

Alhamisi kikao kilikaa kwenye chumba cha chanjo, viti sita vya plastiki kuzunguka meza, friji ikiunguruma pembeni. Mganga mkuu wa zahanati ndiye aliyekuwa mwenyekiti, mama mkavu asiyependa kupoteza muda. Mtu wa maabara alikaa mkabala naye, amevaa shati lililopigwa pasi hadi kola ikang'aa. Shangazi alikuwa ameshika furushi la karatasi zetu. Mganga mkuu hakuwa ameambiwa lolote na mtu, wala mtu wa maabara hakuwa ameambiwa na sisi tulichokigundua; Meneja alitukataza tangu Jumatatu kusema neno kabla ya kikao, na hilo moja tulimtii. Najuta kwamba tulimtii.

"Kikao hiki kitakuwa kifupi," alisema mganga mkuu, akifungua jalada. "Mhusika ametuletea barua asubuhi hii. Amekiri kwamba alichanganya sampuli kwa uzembe, na anaomba asinyang'anywe leseni."

Shangazi aligeuka. "Umekiri nini?"

Mtu wa maabara aliangalia mikono yake.

"Hukuchanganya," alisema Shangazi. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, na nesi mmoja akachungulia mlangoni. Kisha akazitandaza karatasi mezani, zote, juu ya jalada na juu ya barua ile. Akaeleza kuhusu tundu la sifuri. Akaeleza kuhusu Daftari na plagini ambayo haikuwahi kujiandikisha, na kitu alichokiandika yeye mwenyewe ili kijibu kwa niaba ya asiyekuwepo. Akataja zahanati ile nyingine na akataja mwaka. Hakusema "hitilafu" hata mara moja. Alisema "niliandika" na "nilikosea", na mimi nikaitaja sehemu yangu, ya malalamiko niliyoyafunga, ili angalau apumue.

Mganga mkuu alifuata orodha kwa kalamu, siku baada ya siku. Alipofika siku ya fundi ujenzi na mama mjamzito, alisimamisha kalamu. Akamtazama mtu wa maabara.

"Kwa nini ulikiri jambo ambalo hukulifanya?"

Mtu wa maabara alijibu kwa utulivu, bila kumlaumu mtu, na nadhani ndiyo maana lilituingia vibaya zaidi.

"Nilirudia kichwani kila siku ya kazi, tundu kwa tundu. Nikawa sina hakika. Kila nikifunga macho naona mikono yangu inachanganya. Nikaangalia kwenye kompyuta, majibu yote yamepangwa vizuri, hakuna alama nyekundu hata moja. Mimi nilikuwa na wasiwasi, mfumo haukuwa na wasiwasi. Nikasema, basi mwenye kosa ni mwenye wasiwasi."

Shangazi alilia. Hakujificha, alilia amekaa wima, mikono juu ya karatasi, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mganga mkuu aliichomoa ile barua chini ya furushi letu, akamrudishia mwenyewe bila kuisoma tena.

Mtu wa maabara aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, akasimama.

"Naomba ufunguo wa maabara," alisema. "Kuna watu wamekaa benchi tangu saa moja, na hawajapimwa."